Gari linaumwa nini? Mwongozo kamili wa kutafuta hitilafu ukiwa nyumbani

Gari likigoma kuwaka asubuhi, mtu wa kwanza kupita atasema ni betri. Wa pili atasema ni stata. Wa tatu ataapa kuwa plagi zimekufa. Kila mmoja wao anaweza kuwa sahihi, na ndiyo maana wenye magari wengi huishia kununua vyote vitatu, halafu siku ya pili gari linagoma tena kwa sababu tatizo lilikuwa waya uliolegea.

Mwongozo huu unasimama juu ya sheria moja: usibadilishe kitu ambacho hujakipima. Vipimo vingi havihitaji gereji. Unahitaji tochi nzuri, multimita ya kawaida, skana ndogo ya kuchomeka kwenye gari, kipande cha boksi au karatasi nyeupe, daftari, na mtu wa kukusaidia kupiga stata au kukanyaga breki wakati wewe unaangalia.

Kabla ya kugusa chochote

Weka gari mahali tambarare, vuta hendibreki, na kama ni la gia za kawaida liache ndani ya gia wakati injini imezimwa. Usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Jeki ni ya kunyanyulia. Wa kubeba uzito ni stendi. Usiwashe injini ndani ya banda lililofungwa, kwa sababu moshi wa ekzosi una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayoua. Feni ya rejeta kwenye magari mengi inaweza kuanza kuzunguka yenyewe hata ukiwa umezima injini, kwa hiyo mikono, nywele na nguo zinazoning'inia zikae mbali nayo. Na kama gari ni haibridi au la umeme, nyaya nene za rangi ya chungwa usiziguse kabisa. Hizo mwachie aliyesomea.

Anza kwa maswali

Fundi mzuri huuliza sana kabla ya kufungua boneti. Jiulize hivyo hivyo, na majibu yaandike: Tatizo lilianza lini, na kabla yake nini kilifanyika? Linatokea injini ikiwa baridi, ikiwa moto, au wakati wote? Linatokea gari likiwa limesimama, likipanda mlima, au kwenye mwendo fulani tu? Ukikata kona linazidi au linapungua? Mvua ikinyesha je?

Majibu haya ndiyo yanayopunguza orodha ya washukiwa. Gari linalochemsha kwenye foleni lakini likatulia barabara kuu lina tatizo tofauti kabisa na linalochemsha barabara kuu tu. Mtetemo unaokuja ukikanyaga breki si sawa na mtetemo unaokuja ukifika kilomita 90 kwa saa. Usipoandika, baada ya wiki utakumbuka tu kwamba gari "lilikuwa linasumbua".

Gari haliwaki

Gawanya tatizo hili mara mbili mapema: je, ukipiga stata injini inazunguka au haizunguki? Watu wengi huchanganya hapa, na mchanganyiko huu ndio unaowagharimu. Injini isiyozunguka ni suala la umeme wa stata. Injini inayozunguka vizuri lakini isishike, mara nyingi imekosa mafuta au moto wa plagi.

Tuanze na isiyozunguka. Washa taa kubwa za mbele, kisha piga stata huku unaziangalia. Taa zikififia sana au kuzimika, betri haina nguvu au viunganishi vyake vimeshika vibaya. Ukisikia tik-tik-tik za harakaharaka, ni hivyo hivyo. Ukisikia mlio mmoja mzito wa "kata" na taa zikabaki na nguvu zake, mshukiwa ni stata yenyewe au waya wake mkubwa. Kukiwa kimya kabisa na taa zinang'aa, jaribu kuweka gia kwenye N badala ya P kama ni la otomatiki, au kanyaga klachi hadi mwisho kama ni la gia za kawaida. Kuna swichi ya usalama inayozuia stata, na inapochoka gari hugoma kimya kimya. Angalia pia fyuzi na relei ya stata, yaani swichi ndogo inayoruhusu umeme mkubwa kupita.

Sasa chukua multimita, iweke kwenye volti za DC, na pima betri ambayo gari lake halijawashwa kwa saa kadhaa. Volti 12.6 maana yake betri imejaa. 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni karibu nusu, na chini ya 12.0 betri iko hoi. Kisha mwenzako apige stata huku unasoma: ikishuka chini ya volti 9.6 wakati ilikuwa imejaa, betri hiyo imechoka ndani hata kama inaonyesha 12.6 ikiwa imepumzika. Gari likiwaka, soma tena. Alteneta, mashine inayochaji betri injini ikinguruma, ikifanya kazi hutoa kati ya 13.7 na 14.7. Washa taa, feni ya ndani na kipasha joto cha kioo cha nyuma. Ikiendelea kukaa juu ya 13, alteneta ni nzima. Magari ya karibuni yana mfumo unaopunguza chaji makusudi betri ikiwa imejaa, kwa hiyo usomaji wa chini wa muda mfupi kwenye gari la namna hiyo usikutishe. Ukibaki kwenye 12 na kuendelea kushuka huku injini inanguruma, alteneta haichaji. Angalia kwanza kama fan belti ipo na imekaza.

Kipimo kinachofuata hurukwa na watu wengi sana, nami naomba usikiruke: kupima volti zinazopotelea njiani. Betri inaweza kuwa nzuri na stata ikawa nzuri, lakini waya wa ethi, ule unaotoka kwenye kichwa hasi cha betri kwenda kwenye bodi na injini, ukawa umeoza ndani ya kibano chake. Kwa macho unauona mzima. Fanya hivi: ncha moja ya multimita igandamize juu ya nguzo ya risasi ya betri upande wa hasi. Igandamize kwenye nguzo yenyewe, wala si kwenye kibano kilichoishika, kwa sababu kutu mara nyingi iko katikati ya hivyo viwili. Ncha ya pili iguse chuma kitupu cha injini, sehemu isiyo na rangi wala grisi. Mwenzako apige stata. Ethi nzuri itaonyesha chini ya volti 0.2. Ukiona 0.5, 0.8 au zaidi, umempata mwizi. Rudia upande wa chanya, kutoka nguzo ya betri hadi boliti kubwa ya stata. Hapo kubali hadi 0.5. Mara nyingi dawa yake ni kufungua vibano, kusugua mpaka chuma king'ae, kuosha ule unga mweupe au wa kijani kwa maji ya vuguvugu yenye soda ya kuokea, kukausha, na kukaza upya. Unapofungua, anza na hasi. Unapofunga, malizia na hasi.

Kama betri inakufa kila gari likilala, kuna kitu kinakula umeme. Fungua kibano cha hasi, weka multimita kwenye ampea 10 na uipitishe katikati ya nguzo na waya ili umeme wote upite ndani yake. Funga milango, ondoa ufunguo, subiri nusu saa au zaidi ili kompyuta za gari zilale. Usomaji wa kawaida hauzidi ampea 0.05. Ukizidi, chomoa fyuzi moja moja hadi namba ishuke. Saketi ya fyuzi hiyo ndiyo yenye taabu. Usipige stata kabisa multimita ikiwa imeungwa hivyo, utaiunguza.

Injini inazunguka lakini haishiki

Zima redio, washa ufunguo bila kupiga stata, na utege sikio upande wa tangi. Kwenye magari mengi ya petroli yenye injekta (vinyunyizio vya mafuta) utasikia mvumo wa takriban sekunde mbili. Hiyo ni pampu ya mafuta. Usiposikia kitu, angalia fyuzi na relei yake kabla ya kuihukumu pampu. Tazama pia kama taa ya ufunguo au ya kufuli inamweka kwenye dashibodi. Ikimweka wakati wa kupiga stata, huenda gari halijautambua ufunguo wako, na hakuna plagi itakayokusaidia. Jaribu ufunguo wa akiba.

Kisha angalia mshale wa mizunguko ya injini, au usome kwenye skana, wakati stata inazungusha. Injini inazunguka lakini mizunguko inasomeka sifuri? Sensa ya kranki, inayosoma mzunguko wa shafti kuu ya injini, ndiyo ya kushuku, kwa kuwa bila taarifa yake kompyuta haijui lini itoe moto na mafuta.

Na kuna sauti moja ya kuijua vizuri. Injini ya kawaida ikizungushwa na stata hutoa mapigo, kila silinda inapokandamiza hewa. Ikianza ghafla kuzunguka kwa wepesi, mvumo mmoja laini usio na mapigo, acha kupiga stata hapo hapo. Huenda mkanda wa taiming, unaoziendesha valvu sambamba na pistoni, umekatika, na kwenye injini nyingi valvu na pistoni zinaweza kugongana kila unapoendelea kuizungusha.

Taa ya injini na misi

Skana ndogo inachomekwa kwenye soketi yenye pini 16 chini ya usukani. Mfumo huu, OBD2, ulikuwa lazima kwa magari yanayouzwa Marekani kuanzia 1996, na Umoja wa Ulaya ukafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Skana inakupa namba ya kosa, na hapo ndipo watu wanapoteleza: namba haisemi kipuri gani kimekufa. Inasema tu kompyuta imeona nini. P0420 ikitokea, inasema kichujio cha ekzosi hakisafishi inavyotakiwa. Lakini ekzosi inayovuja, sensa iliyochoka au misi (silinda kushindwa kuwaka) isiyotibiwa vinaweza kuleta namba hiyo hiyo, na kichujio ni kipuri cha gharama kubwa kukibadilisha bure. Andika namba zote pamoja na hali iliyorekodiwa wakati kosa linatokea, joto, mwendo, mizunguko, kabla ya kufuta chochote.

Taa ya injini ikiwaka tu bila kumwekamweka, unaweza kwenda nyumbani taratibu na kupima. Ikimwekamweka, injini inamisi kwa kiwango cha kuunguza kichujio cha ekzosi. Ondoa mguu kwenye pedali ya mafuta, egesha, usilazimishe.

Misi ndiyo hitilafu ninayopenda kuona mtu akiitafuta mwenyewe, maana gari lenyewe linakupa vifaa vya kulinganishia. Tuseme skana inaonyesha P0301, yaani misi kwenye silinda namba 1. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, toa koili (kifaa kinachoipa plagi umeme wa moto) ya silinda 1 na uipeleke silinda 2, ya 2 iende 1. Usiguse kingine. Futa kosa, endesha kidogo, soma tena. Likigeuka P0302, tatizo limehama na koili, na koili ndiyo mbovu. Likibaki P0301, koili haina hatia. Fanya vivyo hivyo na plagi. Likibaki tena hapo hapo, baki na injekta, mgandamizo wa silinda au hewa inayovuja karibu yake, na kwa mgandamizo utahitaji kipimo chake maalumu. Uhamishe kitu kimoja kwa wakati. Ukihamisha koili na plagi pamoja, hutajua ni ipi iliyolihamisha kosa.

Ukitoa plagi, isome. Rangi ya kahawia hafifu au kijivu ni afya. Masizi meusi makavu yanasema mafuta ni mengi kuliko hewa. Ikiwa imelowa oili, oili inapenya kwenye silinda. Nyeupe iliyobabuka inasema silinda hiyo inapata joto kupita kiasi.

P0171 nayo ni ya kawaida: hewa ni nyingi kuliko mafuta. Kwenye skana tafuta asilimia ya marekebisho ya mafuta ya muda mrefu. Ikiwa juu ya +10 gari likiwa limesimama linanguruma tu, halafu ikashuka ukipandisha mizunguko hadi 2,500 kwa dakika, kuna hewa inaingia kwa wizi. Kagua paipu za mpira nyuma ya kichujio cha hewa na gasketi ya manifoldi, mabomba yanayoingiza hewa kwenye injini. Ikipanda kadiri unavyokanyaga, mafuta hayaji ya kutosha au sensa ya hewa imechafuka.

Gari linachemsha

Ukiona mshale unapanda ukiwa njiani, zima kiyoyozi, washa hita ya ndani kwa joto la juu na feni kali. Utateseka kidogo, lakini hita huvuta joto kutoka kwenye injini. Tafuta mahali pa kuegesha, zima. Usifungue kifuniko cha rejeta. Ndani kuna mgandamizo, mara nyingi karibu bar 1, unaoyafanya maji yavumilie hadi nyuzi 120 hivi bila kuchemka. Ukikifungua, yanalipuka mvuke usoni kwako. Subiri mpaka paipu ya juu ya rejeta ishikike kwa mkono bila kuunguza na iwe laini ukiiminya. Wala usimwage maji baridi kwenye injini yenye moto, silinda hedi inaweza kupasuka.

Ikishapoa, angalia kiwango. Kama kulanti, yaani maji ya kupoza injini, imepungua, imeenda mahali: nje utaona alama za unyevu au ukoko wa rangi kwenye viunganishi na chini ya wota pampu, ndani ya gari utaona zulia la mbele limelowa na kunuka utamu, na ndani ya injini utaona dalili nitakazozitaja. Usiiamini sana geji wakati kulanti imeisha, kwa kuwa sensa ikibaki hewani mshale unaweza kushuka huku injini inaungua.

Kama kiwango kiko sawa, washa injini na kiyoyozi. Feni ya umeme kwenye magari mengi itazunguka mara moja. Isipozunguka, na gari lako huchemsha kwenye foleni tu, umeshafika: fyuzi, relei, waya au mota ya feni. Ikizunguka, acha injini ipate joto na uguse paipu zake kwa uangalifu. Themostati, valvu inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta, hufunguka takriban kati ya nyuzi 82 na 90, na hapo paipu ya chini huanza kupata joto. Ya juu inaunguza, ya chini ni baridi, na mshale unapanda? Themostati imegoma kufunguka au rejeta imeziba. Kinyume chake, gari linalochukua muda mrefu kupata joto na kula mafuta sana huwa themostati yake imekwama wazi. Kifuniko cha rejeta nacho kikague. Mpira wake ukipasuka, mgandamizo hauji na maji huchemka mapema.

Gasketi ya silinda hedi ndiyo watu wanayoiogopa, na ina dalili zake. Injini ikiwa baridi fungua kifuniko, washa, tazama: mapovu yasiyokoma hata baada ya hewa ya kawaida kutoka ni ishara mbaya. Paipu kuwa ngumu ndani ya dakika moja au mbili tangu injini baridi iwashwe ni ishara nyingine. Oili yenye rangi ya maziwa kwenye dipstiki pia, ingawa ute kidogo chini ya kifuniko cha oili peke yake unaweza kuwa unyevu tu wa gari linaloendeshwa safari fupifupi. Dalili mbili au tatu zikikutana, usiendelee kuliendesha.

Moshi na matone

Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mweusi kwenye gari la petroli ni mafuta mengi kuliko hewa. Mweupe mzito wenye harufu tamu usiokoma baada ya injini kupata joto ni kulanti. Mvuke mwepesi wa asubuhi ya baridi si kitu. Moshi wa bluu unaotoka tu unapowasha gari lililolala huelekeza kwenye sili za valvu, na unaotoka unapokanyaga huelekeza kwenye ringi za pistoni.

Tandika boksi chini ya gari usiku kucha na uweke alama ya magurudumu yalipo. Maji safi chini ya upande wa abiria ni ya kiyoyozi, achana nayo. Kahawia au nyeusi yenye utelezi ni oili. Nyekundu mara nyingi ni ya giaboksi ya otomatiki au ya usukani. Kijani, pinki au chungwa ni kulanti. Tone karibu na gurudumu, jepesi na la manjano hafifu, lichukulie kuwa ni mafuta ya breki, na gari lisitoke mpaka lipatiwe jibu. Taa nyekundu ya oili nayo haina mjadala: zima injini papo hapo, hata kama umebakiza mita 200 kufika.

Breki

Mlio mkali mwembamba ukikanyaga mara nyingi ni kibati cha tahadhari kilichomo kwenye pedi kikikuarifu zimekwisha. Mkwaruzo wa chuma kwa chuma maana yake umechelewa. Mulika tochi kupitia rimu uone unene wa pedi, wa ndani na wa nje. Milimita 3 au chini, badilisha. Ya ndani ikiwa imekwisha na ya nje ingali nene, pini au pistoni ya kalipa (kibano kinachobana pedi) imekwama. Baada ya safari, gurudumu lenye joto kuliko mengine linatoa ushahidi huo huo.

Pedali inayobonyea kama sponji ina hewa kwenye mfumo. Inayozama taratibu ukiishikilia, bila kuvuja popote, ni masta silinda, pampu ya mafuta ya breki. Kujaribu busta, kifaa kinachousaidia mguu wako kubana breki, injini ikiwa imezimwa kanyaga mara nne au tano mpaka pedali iwe ngumu, ishikilie, kisha washa: inapaswa kushuka kidogo chini ya mguu wako. Isiposhuka, busta au paipu yake ya hewa ina kasoro. Mafuta ya breki hunyonya unyevu hata gari likiwa limeegeshwa, ndiyo maana watengenezaji wengi hushauri yabadilishwe kila miaka 2 hivi.

Sauti, mitetemo na tairi

Usukani unaotetemeka kuanzia kilomita 80 hadi 100 kwa saa, peleka magurudumu yakafanyiwe balansi. Ukitetemeka ukikanyaga breki tu, angalia diski. Mlio wa kokoto ukikata kona kali ni jointi ya ekseli ya mbele; chungulia kama buti lake la mpira limepasuka na kumwaga grisi. Mvumo unaokua na mwendo, ukizidi unapoyumbisha gari kushoto, elekea beringi ya kulia, maana ndiyo inayobebeshwa uzito.

Nyanyua gurudumu, weka stendi, lishike juu na chini na ulitikise: mchezo hapo ni beringi au boljointi, kiungo cha saspensheni. Lishike kushoto na kulia: mchezo hapo mara nyingi ni tairodi endi, kiungo cha usukani. Tairi lililolika kingo zote mbili lilikuwa na upepo mdogo, lililolika katikati lilijazwa kupita kiasi, lililolika upande mmoja linataka alaimenti (kunyooshwa kwa magurudumu), na lenye mabonde mabonde linazungumzia shokapu.

Ukifika kwa fundi

Mpelekee vipimo. "Betri 12.6, ikipigwa stata 10.8, ethi inapoteza 0.7" inamsaidia kuliko "nadhani ni stata". Mpe namba za skana ulizoziandika kabla ya kufuta, mwambie lini na wapi tatizo linatokea, na nini tayari umekihamisha au kukisafisha. Akikuambia kipuri cha kubadilisha, muulize amekipimaje, na vipuri vya zamani omba urudishiwe.